Njumu Zangu na Hina ya Zamda

Kwa nini mpira wa Zamda ulikuwa unageuka, na wangu hapana?

Swali hilo nililibeba miaka yote niliyorusha mpira katika klabu yetu ya kriketi hapa Tabora, na sikuwa na jibu. Nilikuwa na shahada ya fizikia, nilikuwa na mkono wenye nguvu, na nilikuwa na tabia ya kuhoji iliyonipa jina la Mwalimu Kwanini kabla hata sijamaliza muhula wa kwanza wa kufundisha. Sasa nimestaafu. Najua mtacheka, maana sijafika miaka thelathini na tano, lakini bega halikuniuliza umri. Daktari alisema niache, na kwa mara ya kwanza sikumuuliza mtu kwa nini.

Ninaandika haya kwa ajili yenu wasichana mnaobaki, mnaoshindilia udongo uleule niliouacha. Habari za posho na vyeo naziruka. Posho ilikuwa soda, na cheo kilikuwa kukaa na ufunguo wa stoo.

Siku ya kwanza nilifika uwanjani nikiwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimetoka kwetu Igunga, nimepangiwa shule hapa mjini, na chuoni Dodoma nilikuwa nimejifunza kriketi kwa sababu timu ya netiboli ilikuwa imejaa. Uwanja mnaujua: upande mmoja reli, upande wa pili tangi la maji. Katikati, Kocha Masanja alikuwa ameinama, anapiga ardhi kwa kishindilio cha mti. Alikuwa fundi wa reli aliyestaafu, mtu mfupi mwenye kofia ambayo sijawahi kuiona imevuliwa.

"Shikamoo, kocha. Nimekuja kurusha mpira."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Igunga."

"Na mpira umejifunzia Igunga?"

"Hapana, chuoni."

"Basi weka cheti chako chini, shika ndoo. Hapa tunaanza na udongo."

Kazi yetu ilianza na udongo, na ningependa msiidharau. Njia ya mpira, ule ukanda mwembamba kati ya vijiti vya upande huu na vya upande ule, vijiti ambavyo mpigaji huvilinda visiangushwe, tuliitengeneza kwa udongo wa kichuguu. Tuliuchimba, tukauchekecha, tukaulowanisha, tukautandaza, tukaushindilia, kisha tukauachia jua mpaka ukigongwa unalia kama chungu. Sheria ya Masanja ilikuwa moja: aliyeubomoa udongo ndiye anayeuziba, kwa mikono yake, mechi ikiisha. Si kabla. Wakati wa mechi hapana ruhusa ya kugusa.

Mbomoaji mkuu nilikuwa mimi. Nilikuwa narusha kwa kasi, nakuja kutoka mbali, natua kwa kishindo. Wenzangu walivaa raba. Mimi nilikuwa nimepata sokoni kwenye mitumba viatu vya njumu, vya chuma kabisa, vya mtu fulani wa Ulaya mwenye miguu kama yangu. Nikishaachia mpira sikuweza kusimama ghafla. Niliendelea kukimbia juu ya udongo hatua kadhaa, njumu zikichimba. Sikujua kwamba ni kosa. Masanja, ambaye alikuwa kocha na pia mwamuzi wa mechi zetu zote za nyumbani, alijifunza kriketi kwa kuitazama na kuicheza na wenzake wa karakana, na vitabu vya sheria hakuwa navyo. Nilipomuuliza kama inaruhusiwa kukimbia pale kati, alijibu, "Treni haifungi breki kabla ya stesheni." Nikaona ni jibu zuri. Hilo ni moja ya machache niliyoyakubali bila kuhoji, na ndilo lililotugharimu.

Kwa hiyo jioni baada ya jioni mimi nilipiga magoti nikiziba mashimo yangu, upande wa reli, huku Zamda amekaa kwenye benchi, miguu ameikunja, anakula karanga.

"Njoo unisaidie," nilimwambia siku moja.

"Na hina yangu?" Akaninyoshea mikono kama bibi harusi.

Zamda alikuwa mpakaji hina. Mabibi harusi wa mji mzima, kuanzia Ng'ambo mpaka Isevya, walipita mikononi mwake, na hakuna aliyefika uwanjani akiwa amechelewa kama yeye akapokelewa kwa makofi kama yeye. Vidole vyake vyote vilikuwa vyekundu hadi kiungo cha pili. Kila mechi alikuja na mtandio mpya: wa chungwa, wa zambarau, wa rangi ya waridi inayoumiza macho. Bangili alizivua pale tu mwamuzi alipomlazimisha, na alimkabidhi mwamuzi mwenyewe azishike. Nimemwona Masanja akihesabu mipira huku bangili zile amezivaa mkononi mwake mwenyewe. Zamda alikuwa anajisifu kwamba mababu zake walikuja na misafara kutoka Ujiji. "Wao walibeba pembe za ndovu kwa kichwa," alikuwa akisema, "mimi nabeba timu kwa vidole viwili."

Na alikuwa anaibeba kweli, hapo ndipo penye uchungu.

Mpira wake ulikuwa wa polepole. Hatua chache za kutembea, kama anakwenda dukani, kisha anazungusha kiwiko na kifundo, mpira unaruka juu unaning'inia, mpigaji anasubiri hadi anachoka. Unadondoka nyuma ya miguu ya mpigaji, mahali pasipo na hatari yoyote. Halafu, ukigusa udongo, unakata kona kali na kuvunja vijiti vyake. Wapigaji wakubwa walikuwa wanageuka kutazama vijiti vyao vilivyolala, kana kwamba kuna mtu amepita kwa nyuma akaviangusha.

Kabla ya kurusha alikuwa na maneno. Timu moja ya Mwanza ilikuja na mpigaji wao hodari, dada mrefu mwenye kibao cha kupigia mpira kinachong'aa. Zamda akainama kidogo: "Shikamoo, dada! Naona umenunua kibao kipya. Usihofu, kitarudi Mwanza kipya hivyohivyo."

Waendesha bodaboda waliokuwa wameegesha kando ya uwanja wakacheka. Mpira wa pili, dada akatoka. Kibao hakikuguswa.

Siku ileile mimi ndiye niliyefungua mchezo. Nilirusha kwa kasi hadi mpigaji wao wa kwanza akawa anarudi nyuma. Niliwatia hofu, niliwachosha, nikamtoa mmoja. Zamda alikuja baadaye akavuna sita. Mwandishi wa redio ya mjini alipokuja na kinasa sauti, alinipita, akasema, "Samahani dada, nipishe kidogo," akamfuata Zamda. Nilimpisha. Nilisikiliza mahojiano yale jioni nikiwa na matope ya kichuguu kwenye kucha. Zamda alimwambia mtangazaji kwamba siri ni dua ya bibi yake. Wiki mbili kabla alikuwa amesema siri ni karafuu.

Mimi siamini dua kwenye mpira, wala karafuu. Niliamua kuchunguza. Nilimpiga video kwa simu nikaitazama polepole hadi nikaota vile vidole. Nikajifunza kukunja kifundo kama yeye, nikajaribu mazoezini. Mpira wangu ulikwenda moja kwa moja kama treni ya Mwanza, ila haukufika. Nikafikiria huenda hina inakausha ngozi ikashika vizuri. Nikaenda kwake, nikamwambia nina harusi ya shangazi.

"Shangazi yako anaolewa Jumatatu?" aliuliza, huku akikoroga hina kwenye kibakuli.

"Ndiyo."

"Na unataka vidole viwili tu, vya mkono wa kulia."

Akacheka mpaka akaweka kibakuli chini. Lakini alinipaka, kwa uangalifu, vidole vyote kumi na ua kwenye kiganja, kwa sababu, alisema, kazi yake hawezi kuifanya nusu. Kesho yake nilirusha mpira na hina yangu. Ulikwenda moja kwa moja. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wakanipongeza kwa kuolewa.

Jambo moja nililigundua, nikaliacha lipite. Kama mnavyojua, warushaji wawili hupokezana, mmoja anarusha kutoka upande wa reli, mwingine kutoka upande wa tangi. Mimi nilipenda upande wa reli. Zamda alikataa katakata kurusha kutoka popote isipokuwa tangini. Siku Masanja alipomlazimisha abadilishe, mpira wake ulikuwa wa kawaida kabisa, ukapigwa hadi relini. "Upande ule una majini ya treni," akasema, na Masanja akamrudisha tangini. Mimi nikasema ni upepo. Nikafunga kipande cha kanga kwenye mti kupima upepo, kikaning'inia siku nzima bila kutikisika. Bado nikasema ni upepo. Msomi akishasema jambo mbele za watu hulifuta kwa shida.

Ndipo ikaja safari ya Dar. Mashindano ya klabu za mikoani, timu kumi hivi, na sisi hatukuwa tumewahi kualikwa. Warushaji tulikuwa watano, nafasi zilikuwa nne. Naomba mnielewe: nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo ule miaka. Sikuwa na mtandio wa waridi wala maneno ya kuchekesha. Dar palikuwa mahali pekee ambapo ningeweza kurusha mbele ya watu wasiomjua Zamda, wakaona mkono wangu kwanza. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kazini.

Mazoezi ya mwisho kabla ya majina kusomwa, niliwaona Zamda na Masanja wamesimama peke yao kwenye tangi. Zamda alikuwa anaongea kwa mikono, vidole vyekundu vinakata hewa. Masanja anatikisa kichwa. Zamda akanyosha kidole kuelekea kwangu. Nilipokaribia, wote wawili wakanyamaza.

"Mwalimu Kwanini," Zamda akasema, "leo huulizi?"

"Nauliza. Mlikuwa mnasema nini?"

"Mambo ya watu wazima." Alikuwa amenizidi miaka mitano, na hakuacha nisahau. "Nenda kazibe mashimo yako. Ninyi Wasukuma mmezoea kufukuza ng'ombe, mnakimbia kama mnalipwa kwa vumbi."

Sikucheka. Nilikuwa na hakika alikuwa ananiondoa. Nani mwingine angetaka nisiende, kama si yeye aliyezoea kutawala peke yake? Kesho yake Masanja alisoma majina, na langu likawa la mwisho kabisa, akalitamka kama mtu anayetema mbegu. Nilimtazama Zamda. Alikuwa anakula karanga. Nikajiambia: amejaribu, ameshindwa.

Uwanja wa Dar ulikuwa wa udongo pia, ila umeshindiliwa kwa mashine, na mwamuzi alikuwa mwamuzi kweli, amevaa koti jeupe, na bangili hakushika za mtu. Nilipewa mpira wa kwanza. Niliachia, nikatua, nikaendelea na safari yangu ya kawaida katikati ya udongo. Mwamuzi akaninyoshea mkono.

"Dada, toka kwenye njia. Unaichimba. Hilo ni onyo."

"Kwa nini?"

"Ni sheria. Onyo la tatu hutarusha tena leo."

Nje ya uwanja nilimsikia Masanja, "Sheria gani hiyo?" Mpira uliofuata nilijikunja pembeni mara tu nilipouachia, nikakimbilia kwenye majani. Kiuno kililia, lakini haikuharibu kitu. Kwa kweli ilinisaidia. Siku ile nilirusha vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Vijiti viliruka. Watu wa Dar wakaanza kuuliza jina langu, na walilitamka vibaya, nami nikapenda.

Halafu akaja Zamda, na mtandio wa rangi ya limau, hina mbichi, maneno yake yote. Akamsalimia mpigaji, akamsifia kibao. Mpira ukaruka, ukaning'inia, ukadondoka nyuma ya miguu, palepale pa siku zote. Na ukabaki ukienda kulekule. Mpigaji akaufagia hadi nje ya uwanja. Wa pili vilevile. Wa tatu ulipopita juu ya kamba ya mpaka, mpigaji akamgeukia: "Dada wa Tabora, mbona kibao changu kinachafuka?"

Uwanja ukacheka, na mara hii hawakucheka naye. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mpaka, ndiye niliyekuwa nakwenda kuuokota mpira kila ulipotoka. Nilikuwa nakwenda mbio. Tulikuwa tunashindwa, nami nilikuwa nakwenda mbio, moyo mwepesi kama wa mtoto aliyepewa nguo ya Idi. Zamda alitolewa baada ya zamu tatu za kurusha. Tulishindwa siku ile, na tukarudi nyumbani kwa treni.

Kwenye behewa alikaa dirishani, mtandio ameukunja mapajani. Baada ya Dodoma alisema, bila kunitazama, "Leo mpira umenikataa."

"Uwanja mkubwa huo," nikasema. "Si kila mtu anauweza."

Akaitikia kwa kichwa, kama nimesema jambo la busara. Akanipa nusu ya karanga zake.

Alirudi mazoezini mara chache, kisha msimu wa harusi ukaanza, na hakurudi tena. Nikawa mrushaji wa kwanza, wa pili na wa tatu wa klabu. Mtadhani wivu uliisha. Nilipata watano dhidi ya Shinyanga, siku nzuri kabisa, na mama muuza karanga akaniita kando. "Mwanangu, hongera," akasema. "Yule wa hina yuko wapi siku hizi?" Kwenye harusi nilimwona ameinama juu ya viganja vya watu, na wote waliosubiri foleni walikuwa wanamwomba awasimulie yule dada wa Mwanza na kibao chake. Hakuwa anarusha tena, na bado alikuwa ananishinda.

Bega lilipoanza kuuma nikawa mkufunzi wenu. Mnamkumbuka Pili alivyokuja na viatu vya njumu vya kaka yake. Alirusha kutoka relini, na sikumwambia mara moja asikimbie kati. Nilikuwa nimechoka, ilikuwa mazoezi tu. Baadaye akaja Hadija kurusha kutoka tangini, Hadija ambaye mpira wake haujawahi kugeuka hata kwa bahati. Ukageuka. Ukavunja vijiti. Hadija mwenyewe alipiga kelele kwa woga.

Niliwasimamisha. Nilikwenda upande wa reli, nikapiga magoti, kama nilivyokuwa nimepiga magoti miaka yote. Pale mpira ulipodondokea kulikuwa na mashimo ya njumu za Pili: udongo umevunjika, umekuwa vumbi na kingo. Mpira unaozunguka ukitua kwenye udongo mgumu uliosawazishwa huteleza, ukienda njia yake. Ukitua kwenye mashimo, hushika, na mzunguko wote hugeuka kuwa kona. Ni fizikia ya kidato cha tatu. Nilikuwa nimeifundisha, kwa mifano ya matairi na barabara.

Mashimo ya upande wa reli yalikuwa yangu. Siku zote yalikuwa yangu. Zamda alikuwa anayalenga bila kujua anachokilenga, na Dar, mwamuzi aliponiondoa kwenye njia, alimwondolea na yeye udongo wake.

Sitawaficha kwamba nilifurahi. Nilihesabu kichwani wapigaji wote aliowatoa nikawagawa kati yake na njumu zangu. Wiki iliyopita, nilipokwenda kumrudishia Masanja ufunguo wa stoo nyumbani kwake Isikizya, ambako sasa anafuga kuku na kuwapigia filimbi kama wachezaji, sikumaliza hata kunywa maji. Nilimweleza yote: njumu, vumbi, kona. Nilimchorea kwa kijiti mbele ya banda.

"Kwa hiyo, kocha," nikamalizia, "Zamda alikuwa anasimama juu ya miguu yangu."

Masanja alitazama mchoro wangu, kuku mmoja akapita juu yake. Kisha akaanza kucheka taratibu, kofia ikitikisika.

"Basi ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana ya nini?"

"Ile siku ya tangini. Kabla ya Dar."

"Alipokuwa anataka uniache."

"Wewe?" Akaacha kucheka. "Mwalimu, mimi ndiye niliyekuwa nimekuacha. Nilikuona umechoka, unauliza maswali kuliko unavyorusha. Zamda ndiye aliyekuja akasema wewe usipokwenda, yeye anabaki na mabibi harusi wake. Nikamuuliza sababu. Akasema, 'Nikirusha baada ya yule, mpira unanisikiliza.' Akaniapisha nisikwambie, maana alijua utakwenda kumuuliza kwa nini, na yeye alikuwa hajui."